Nchi imeangukiwa na maghorofa, halafu inafunga madarasa ya wahandisi. Wakuu, hii imekaaje?

#1. Mwana wa Ujiji (13 Februari 2023)

Wakuu, habari za jioni.

Nina mdogo wangu anasoma uhandisi wa ujenzi Ankara, Uturuki, mwaka wa tatu. Lile tetemeko la Jumatatu iliyopita halikumdhuru, Ankara iko mbali na kule Kahramanmaraş na Hatay. Mama alifunga siku nzima kwa shukrani. Sasa juzi Jumamosi rais wao, Erdoğan, katangaza kwamba vyuo vikuu nchi nzima visome kwa mtandao mpaka kiangazi, na hosteli za serikali wapewe waliobomokewa nyumba. Dogo kaambiwa afungashe. Nguo, vitabu, blanketi, vyote kwenye ile mifuko myeusi ya taka, kila mfuko ubandikwe karatasi yenye jina na namba ya chumba, upelekwe stoo. Wenyeji wanarudi kwao. Yeye kwao ni Ujiji.

Nieleweke. Watu wametoka kwenye vifusi wanalala nje kwenye baridi na theluji, wapewe vitanda. Hapo sina ubishi. Ninachokataa ni darasa kufungwa. Waliokufa wameshapita 30,000 ukijumlisha na Syria, na wengi wameuawa na zege, si na ardhi. Nchi imeangukiwa na maghorofa, halafu inafunga mpaka madarasa ya wanaosomea kujenga maghorofa! Semista hii dogo alikuwa aingie maabara ya kuvunja zege, mnaweka kipande kwenye mashine mnakiponda muone kimehimili uzito gani. Hiyo utaifanyaje kwenye simu?

Wenye uelewa karibuni.

#2. Kibirizi Boy

Nimeweka kigoda hapa. Waje wajuzi.

#3. Mgebuka Mkavu

Mkuu, mtu kafukuliwa kwenye kifusi, hana mke, hana viatu, wewe unalilia maabara? Zege litamsubiri dogo. Akapange mtaani kama tulivyopanga sisi.

#4. Binti Isevya

#3 hujasoma uzi. Mleta uzi kasema vitanda watoe. Anaongelea darasa.

Halafu nimecheka kwa uchungu. Mimi nasoma hapa Tabora, wengi wetu tumepanga Ipuli na Malolo, chumba kimoja wasichana watatu na jiko la gesi mlangoni. Likitokea la kutokea huku, chuo kitawapa wahanga hosteli ipi? Itabidi tubebane nao.

#5. Kibirizi Boy

Kubebana mna uzoefu, mtawapa semina elekezi hahaha.

#6. Mwalimu wa Ramani

Mwakeye wandugu. Kwanza #4, ni manusura au waathirika. Mhanga ni mtu aliyejitoa. Haya tuendelee.

Niweke kumbukumbu sawa kabla watu hawajaanza kurusha namba. Siku ile ya tarehe 6 yalipiga matetemeko mawili makubwa. La kwanza saa 10:17 alfajiri, ukubwa 7.8, karibu na Pazarcık. La pili saa 7:24 mchana, 7.5, upande wa Elbistan, waokoaji wa lile la kwanza wakiwa bado juu ya vifusi. Hizo ni saa za kwao na ni za kwetu pia, sisi na Uturuki mshale wetu mmoja. Kwa hiyo wakati wavuvi wetu wanarudi na karabai zao Kibirizi, kule watu wanafunikwa usingizini.

Chanzo chake: bamba la Uarabuni (bamba ni kipande kikubwa cha gamba la dunia) linasukuma kuelekea kaskazini, lile la Anatolia, lililobeba sehemu kubwa ya Uturuki, linaponyoka kwenda magharibi, kama kokwa bichi la embe ukilibana vidoleni. Linapopita ubavu kwa ubavu linakwama miaka mingi, siku likiachia ndiyo hiyo. Safari hii ufa uliochanika una urefu unaozidi kilomita 300. Utoeni hapo Kigoma muupeleke njia ya Tabora, angalieni mtafika wapi.

Kuhusu hoja ya uzi, naona tunalipima jambo kwa hosteli tu. Kituo cha Kandilli cha Istanbul, kinachopima matetemeko yao, kiko chini ya Chuo Kikuu cha Boğaziçi. Hospitali nyingi kubwa za mikoa ile ni za vyuo vikuu. Chuo kinajibu maafa kwa njia nyingi, na nyingine hazikufungwa.

#7. Kibirizi Boy

Mwalimu, kwa heshima zote. Tarehe 6 Februari mwezi ulikuwa mpevu, ulijaa tarehe 5. Wavuvi wa dagaa hawakwenda ziwani, boti zote zilikuwa juu mchangani na watu wanashona nyavu. Karabai umeziwasha wewe huko Kasulu.

#8. Mwalimu wa Ramani

Nimekubali kosa. Karabai nimezizima.

#9. Msema Kweli wa Gungu

7.8 za wapi? Serikali ya Uturuki yenyewe, idara yao ya maafa AFAD, imesema 7.7 na ya pili 7.6. Tusiwe tunabeba namba za Wamarekani tu. Vipimo vya Richter haviongopi.

#10. Mwalimu wa Ramani

7.7 na 7.6 ni za AFAD, 7.8 na 7.5 ni za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani. Tofauti ya nukta moja baina ya vituo ni kawaida, vinatumia mitambo na hesabu tofauti. Na Richter ilishapumzishwa kwa matetemeko makubwa, siku hizi wanapima nguvu iliyoachiwa kwenye ufa wenyewe. Magazeti ndiyo yanang'ang'ania Richter.

#11. Zege la Gungu

Mimi ni fundi, chuo sijafika hata getini. Lakini mleta uzi hapo kwenye zege kanigusa.

Nimeangalia zile picha kwa jicho la saiti. Nguzo imevunjika, nondo zimechomoka zikiwa safi kama zilivyotoka dukani. Maana yake zege halikuzishika. Ringi, yale mazungushio ya chuma yanayofunga nondo za nguzo, zimefunguka kama mdomo. Sisi huku mtu anakunja ringi, ncha zake anaziacha kwenye kona zimelala tu, zege likipasuka ringi inafunguka na nondo inapinda kwenda nje. Inatakiwa ncha ziingie ndani, zikamate moyo wa nguzo, na karibu na maungio ya boriti ringi zisogeleane zaidi. Mwenye nyumba akiziona zimebanana anakwambia fundi unanimalizia nondo. Ukimwambia ni kwa ajili ya tetemeko anacheka, anakuuliza tetemeko gani Kigoma.

Nasikia kule sheria za ujenzi wanazo nzuri tu, walizikaza baada ya tetemeko la mwaka 1999. Tatizo walikuja kutoa msamaha, jengo lililokiuka linalipiwa faini linahalalishwa. Sasa ukimfungia dogo asiponde zege, baadaye atajuaje zege bovu linasikikaje?

#12. Mama Lwama

#11 usiseme tetemeko gani Kigoma. Tarehe 5 Desemba 2005, Jumatatu, saa tisa alasiri, nilikuwa Mwanga naanika mawese yangu kwenye madumu. Dumu likaanza kutembea lenyewe. Nikadhani ni kizunguzungu, nikakaa chini, nikaona na kuku wamekaa. Lilikuwa ndani ya ziwa, 6.8. Wenzetu wa Kalemie ng'ambo waliangukiwa na nyumba, watu wakafa.

#13. Binti Isevya

"Nikaona na kuku wamekaa." Mama umenimaliza.

#14. Mgebuka Mkavu

Mama Lwama, mawese hayaanikwi.

#15. Mama Lwama

Nilikuwa nayaweka juani yayeyuke yaingie dumuni. Wewe umekulia kwenye mafuta ya alizeti.

#16. Kambi ya Reli

Mwangaluka. Naandika nikiwa Tabora, nafanya kazi kwenye reli mpya, nakaa na Waturuki kila siku. Niwaletee upande wa pili.

Msimamizi wetu mmoja, tunamwita Usta, kwao ndiyo fundi mkuu, ni mtu wa Malatya. Asubuhi ile alikuja saiti kama kawaida na gilasi yake ndogo ya chai. Saa mbili simu ikaita. Akaiweka ile gilasi juu ya tairi la kijiko cha kuchimbia, akatembea akaenda kusimama peke yake kwenye tuta. Haikuguswa na mtu mpaka jioni, chai imeota vumbi. Kapoteza dada na watoto wawili wa dada. Sisi vibarua tukachanga, hakikuwa kitu kikubwa, kila mtu alichonacho. Alipokea kwa mikono miwili, hakusema neno.

Sasa ana binti yake anasoma Istanbul. Kabla hajasafiri nilimuuliza hili la vyuo. Akasema binti kakasirika vibaya sana, walishamaliza mwaka mzima na zaidi kwenye kompyuta enzi za korona, na sasa tena. Lakini akasema mama yake mzazi, bibi wa huyo binti, amepata chumba cha hosteli ya wanafunzi Konya, chenye kipasha joto na bafu. "Binti yangu analia, mama yangu amelala," ndivyo alivyosema. Na yeye mwenyewe hakuniambia yuko upande gani.

#17. Mwana wa Ujiji

Kambi ya Reli, pole zetu zimfikie. Asante kwa ushuhuda.

#18. Mchambuzi wa Mwanga

Mnaenda mbali, jibu liko mezani. Nchi ina uchaguzi mwezi wa tano. Serikali imelalamikiwa kwamba waokoaji walichelewa. Hasira ikikutana na wanafunzi walioko pamoja kwenye kampasi, unapata nini? Unawatawanya, kila mmoja na simu yake chumbani kwa mama yake. Wapinzani wao kina Kılıçdaroğlu wamelipinga hili la vyuo waziwazi. Hosteli ni kisingizio.

#19. Msema Kweli wa Gungu

Kila kitu kwako ni uchaguzi. Hata mvua ikinyesha.

#20. Binti Isevya

#18 ina kaukweli lakini haitoshi. Wangetaka kuwatawanya wasingehitaji kuwaleta familia za manusura, wenye hasira kuliko wanafunzi, wakae nao mijini.

Mimi nadhani ni hesabu rahisi. Hosteli za serikali za kule zinabeba vitanda laki kadhaa. Vitanda vipo, jiko lipo, moto upo, mlinzi getini yupo. Ukitafuta nchi nzima kitu ambacho tayari kimewekwa kwa ajili ya watu kulala na kula kwa wingi namna hiyo, ni hosteli na hoteli. Hoteli zina wenyewe. Hosteli zina wanafunzi, na mwanafunzi ndiye mtu rahisi kuliko wote kumwambia pisha.

#21. Mgebuka Mkavu

Hoteli za Antalya zimepokea manusura, nimeona kwenye taarifa. Lakini watalii wakianza kuja utawaona wanavyoombwa kupisha. Hapo kwenye hoteli na pesa nakubaliana na wewe.

#22. Daktari Mtarajiwa

Kuna kitu hakuna aliyekigusa. Wanafunzi wenyewe ni manusura. Mikoa iliyowekwa kwenye hali ya hatari ni 10, na ina vyuo vikuu vyake: Gaziantep, Adıyaman, İnönü kule Malatya, Mustafa Kemal kule Hatay, Sütçü İmam pale Kahramanmaraş. Kuna mwalimu kafa, kuna mwanafunzi yuko msibani, kuna anayetafuta mwili wa baba yake. Ukiwaambia vyuo vya Ankara na Istanbul viendelee kama kawaida, huyu wa Hatay unamwachaje nyuma? Labda wamesema wote tusimame.

#23. Mwana wa Ujiji

Lakini #22, ndiyo maana ningewaza kinyume chake. Wa Hatay achukuliwe apelekwe chuo cha Ankara, akae darasani, apate wenzake. Siyo wa Ankara ashushwe awe sawa na wa Hatay.

#24. Daktari Mtarajiwa

Hilo nalo lipo, baraza lao la vyuo, YÖK, linawaruhusu wa mikoa iliyopigwa kuhamia vyuo vingine kwa muda kama wanafunzi maalumu. Sasa kama vyuo vingine vyenyewe viko mtandaoni, anahamia wapi? Anahamia kwenye kiungo kingine. Hapo nakuunga mkono.

#25. Msomi wa Reli ya Kati

Nimechelewa, umeme ulikatika.

Tuangalie wengine walifanya nini. Haiti, 12 Januari 2010, Port-au-Prince iliporomoka pamoja na majengo ya chuo kikuu chao cha taifa. Senegal, nchi ya Kiafrika, maskini kama sisi, ikasema leteni wanafunzi. Oktoba mwaka huohuo wakatua Dakar Wahaiti 163, wakaingia vyuoni. Rais wa Senegal alikuwa Wade. Tena kwa hoja kwamba hawa ni watoto wetu waliochukuliwa utumwani, wanarudi nyumbani.

New Zealand, Februari 2011, mji wa Christchurch, watu 185 walikufa. Chuo cha Canterbury kilikuwa na majengo hayaingiliki, wakafundisha kwenye mahema. Oxford ya Uingereza ikawachukua wanafunzi wao 42 kwa muhula mmoja, bila ada. Na wanafunzi wenyewe wa Canterbury walishaanzisha jeshi lao la kujitolea tangu tetemeko lililotangulia la Septemba 2010, kijana mmoja wa sheria, Sam Johnson, aliandika tu kwenye Facebook nani anakuja na koleo. Maelfu wakaja. Kule ardhi ikitikiswa inatapika tope la mchanga, linajaa kwenye nyua za watu. Vijana walisukuma matoroli wiki kwa wiki.

Kwa hiyo mwanafunzi siku ya maafa unaweza kumpa koleo, unaweza kumpa hema, unaweza kumpa tiketi. Uturuki wamempa kiungo cha mtandao.

#26. Msema Kweli wa Gungu

Wahaiti 163 dhidi ya watu milioni na zaidi wasio na makazi? Linganisha vinavyolingana.

#27. Mgebuka Mkavu

Na hao 42 wa Oxford mnawasifia, walikuwa na bahati ya Kiingereza. Hao 163 wa Dakar nao Kifaransa. Kijana wa Adıyaman anayesoma kwa Kituruki nani atampokea? Lugha nayo ni pasipoti.

#28. Msomi wa Reli ya Kati

#27 leo umeongea jambo. Nimekupa tano.

#29. Fundi Baiskeli Kasulu

Sisi watu wa Kigoma hili la kupisha tunalijua, tusijifanye wageni. Mwaka 2015 Warundi walipojaa Kagunga kule mpakani na kipindupindu juu yake, MV Liemba ikawa inawaleta mjini kwa awamu. Mnakumbuka walifikia wapi? Uwanja wa Lake Tanganyika. Mimi nilikuwa nacheza timu ya mtaani, mazoezi yetu yalikuwa pembeni pale. Tulifika jioni na mipira yetu tukakuta nguo zimeanikwa kwenye nyavu za goli. Kocha alisimama kama dakika tano, akasema tugeuze. Tukahamia kiwanja cha vumbi, mwenzetu mmoja akavunjika mguu. Hakuna aliyeuliza kama ni haki. Lakini na sisi hatukuwa tunasomea kujenga chochote.

#30. Kibirizi Boy

Sema mlikuwa mnafungwa tangu mlipokuwa kwenye majani.

#31. Fundi Baiskeli Kasulu

Tulikuwa tunatoka sare.

#32. Mhaya wa Kigoma

Nimeolewa huku ila kwetu ni Bukoba. Septemba 10, 2016 mnaikumbuka? 5.9 tu, ndogo kwa hizo za Uturuki, ikaua watu 17 na kuacha shule ya Ihungo magofu. Shule ya miaka mingi ile, imetoa viongozi. Ilifungwa, ikajengwa upya, Waingereza walichangia. Majengo mapya ni mazuri kuliko ya zamani. Ila kaka yangu aliyekuwa pale mpaka leo akikutana na wenzake hawaongelei majengo mapya, wanaongelea ile wiki walivyolala kwenye kiwanja na mwalimu wa hesabu akawa anafundishia kwenye mlango uliong'oka, kauegemeza kwenye mti, anaandika kwa mkaa. Hakulazimishwa na mtu.

#33. Mchambuzi wa Mwanga

Na rambirambi za Kagera? Mnakumbuka serikali ilivyosema zinakwenda kwenye miundombinu ya umma, nyumba kila mtu ajijengee mwenyewe? Maafa yana wenyewe.

#34. Msema Kweli wa Gungu

Nilijua tutafika huku.

#35. Mwana wa Ujiji (19 Februari 2023)

Wakuu, mrejesho. Dogo hajafukuzwa mtaani. Wageni wasio na pa kwenda wamekusanywa kwenye jengo moja, chumba cha wanne sasa wako sita, ila kuna joto na chakula. Mama kapumua.

Kingine. Siku ya kuhama alikuwa na dagaa, kama nusu ya ule mfuko tuliompa Desemba akija likizo. Mizigo imejaa, akaona awaachie wanaoingia. Akawaweka kabatini, akaandika karatasi kwa Kituruki: "Samaki. Wanaliwa. Karibuni." Mama alipoambiwa kalia upya, kasema hapo sasa mwanangu ametoa.

#36. Binti Isevya

Dagaa wa Kigoma kwenye misaada ya kimataifa. Serikali itangaze.

#37. Mama Lwama

Aliwaambia wawaoshe kwa maji ya moto kwanza? Kama hakuwaambia watasema Watanzania wanakula mchanga.

#38. Asali Mbichi

Sisi Tabora tungeacha asali, haihitaji maelezo.

#39. Kibirizi Boy

Asali mnayochanganya na sukari guru? Tulia.

#40. Mwalimu wa Ramani

Turudi kwenye mada kidogo. Nimekuwa nawaza kauli ya #1. Aceh, Indonesia, ile tsunami ya Desemba 26, 2004, Chuo cha Syiah Kuala kilipoteza walimu na wanafunzi wengi. Mwaka 2006 chuo hichohicho kikaanzisha kituo chake cha utafiti wa tsunami na maafa. Yaani waliochomolewa mtaani na maji ndio leo wanafundisha namna ya kuyakimbia. Jibu la chuo pengine huwezi kuliona mwezi wa kwanza.

Na ninyi wa Tabora msicheke sana. Mko juu ya mwamba wa kale uliotulia, kweli. Ila reli inayowaletea mchele wa kwenda mnadani inakuja huku kwenye Bonde la Ufa.

#41. Asali Mbichi

Mwisho wa reli ni mwisho wa reli tu.

#42. Mwana wa Ujiji (11 Aprili 2023)

Nimefufua uzi. Tangu mwezi huu vyuo vya kule vimeruhusiwa mseto, anayetaka darasani aende, anayebaki mtandaoni abaki. Waliokufa sasa ni zaidi ya 50,000 kwa Uturuki peke yake. Mikoa ya maafa imeongezwa Elazığ, imekuwa 11. Mwalimu usije ukanisahihisha.

Dogo juzi alikwenda hosteli ya zamani kuchukua mfuko wake stoo. Mlinzi akamwambia subiri, kuna mtu wa chumba chako anakuulizia. Akashuka bibi wa Adıyaman, mfupi, kajifunga kitambaa, anatembea kwa kushika ukuta. Akamkabidhi soksi za sufu kazisuka mwenyewe. Halafu akawa kama anaona haya, akasema wale samaki samahani mwanangu, tuliwapa paka.

#43. Kibirizi Boy

Paka wa Ankara wanakula dagaa wa Kibirizi! Na huku kilo haikamatiki!

#44. Mama Lwama

Nilisema. Maji ya moto.

#45. Mgebuka Mkavu

Soksi zimetosha?

#46. Mwana wa Ujiji

Kubwa. Kasema kazipimia viatu vya mjukuu wake. Dogo hakuuliza mjukuu yuko wapi.

#47. Kambi ya Reli

Usta karudi wiki iliyopita. Nimemsomea hii kwa Kiswahili changu na Kituruki cha saiti. Kacheka hapo kwenye paka.

#48. Mchambuzi wa Mwanga (30 Mei 2023)

Kura zimepigwa mara mbili, tarehe 14 na tarehe 28, Erdoğan kashinda. Narudia swali langu la #18, na hamkunijibu.

#49. Daktari Mtarajiwa

Ulijibiwa kwenye #20. Hukupenda tu jibu.

#50. Mgebuka Mkavu

Mimi nina swali moja kwa mleta uzi. Nilikukemea kule juu kwenye #3, sijasahau. Ile maabara iliishaje?

#51. Mwana wa Ujiji

Kiongozi, walitumiwa video. Mwalimu anaonekana anaweka kipande, mashine inashuka, kinapasuka, namba inatokea. Wakaandika ripoti, dogo kapata alama nzuri. Ulipofunguliwa mseto maabara ilikuwa na foleni ya madarasa mengine, zamu yao haikufika. Zege mwenyewe kwa mkono wake hajalivunja mpaka leo.

#52. Zege la Gungu

Anakuja likizo lini? Mwambie asipange kulala. Nina nguzo mbili za kubomoa Gungu, mwenye nyumba kagoma kulipia ringi na sasa zimepasuka zenyewe bila tetemeko. Jumatatu saa moja asubuhi, nyundo zipo.